Jahazi la mpera: msumeno mdogo wa meza na kazi isiyomaliza miti ya Kasigau

Rukanga haina bahari. Ni kijiji cha Taita Taveta, Kenya, kilicho chini ya Mlima Kasigau, ukiiacha barabara kuu ya Mombasa pale Maungu na kushika njia ya vumbi kuelekea kusini. Hata hivyo meli zimepita jirani yake, tena si moja. Mwishoni mwa karne ya 19, meli ya mvuke William Mackinnon iliundwa Scotland vipande vipande, ikaletwa Mombasa na kusafirishwa bara hadi Ziwa Victoria, ambako iliteremshwa majini mwaka 1900. Njia ya misafara ya zamani ilipita Maungu, na reli nayo ikapita papo hapo. Baadaye zikafuata Winifred na Sybil, nazo zikiwa vipande. Mwaka 1961 ikaanza kazi MV Victoria, iliyojengwa na kampuni ya Yarrow mjini Glasgow, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye mabehewa na kuunganishwa upya Kisumu. Mbuga hii ya vumbi jekundu imebeba meli nzima nzima mgongoni.

Na Wakasigau wenyewe bahari wameijua kwa uchungu. Mwaka 1915, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipokuwa vikiendelea mpakani, Waingereza waliwatuhumu kuwa walimsaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko. Walionusurika walirudi mlimani baada ya miaka mingi, wakiwa na watoto waliozaliwa pwani.

Nayataja haya mapema kwa sababu mtu akisikia habari ya kuunda modeli za meli na majahazi huku Taita, swali la kwanza huwa: meli na Taita, wapi na wapi? Jibu la kihistoria ndilo hilo. Jibu la pili ndilo lililonifanya niandike, nalo linahusu miti.

Kasigau ni nchi ambayo mti una walinzi wengi. Ranchi ya Rukinga na nyingine zinazoizunguka ziko ndani ya mradi wa hewa ukaa wa Kasigau, wenye eneo la takriban hekta 200,000 kati ya mbuga mbili za Tsavo. Mwaka 2011 ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kutoa hati za hewa ukaa chini ya kiwango cha kimataifa cha VCS. Kukata mti kiholela kwa ajili ya makaa au mbao kunaleta ugomvi na majirani, na walinzi wa wanyamapori, na sheria. Ni haki iwe hivyo, maana nyika hii ikikatwa hairudi upesi. Lakini kijana aliyejifunza useremala anabaki na swali: mbao nipate wapi, na zikipatikana, nitashindanaje na kabati na vitanda vinavyotoka Mombasa na Nairobi?

Nionavyo mimi, kijana huyo anahitaji kazi inayotaka mti kidogo na ufundi mwingi. Modeli ya jahazi ni kazi ya namna hiyo. Tawi moja la mpera lenye unene wa mkono wa mtu mzima, likipasuliwa vizuri, linatosha kuunda chombo kizima chenye urefu wa sentimita 30. Tawi hilo hilo jikoni halimalizi kuivisha sufuria moja ya maharagwe.

Wachongaji wa vinyago wa Kenya walishapitia somo hili, na lilikuwa gumu. Biashara ya vinyago ilikula mpingo na muhugu kwa miaka mingi, hadi miti hiyo ikawa adimu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea na mashirika ya uhifadhi wakafanya kampeni ya kuwahimiza wachongaji watumie miti inayokua haraka: mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Wachongaji wa pwani waliozoea miti migumu ya msituni walijifunza kukubali mti wa nyumbani. Muundaji wa modeli anaweza kuanzia pale walipofikia wao, bila kuurudia uharibifu ule.

Sasa tuje kwenye msumeno, maana bila chombo sahihi haya yote ni maneno.

Chukua jahazi la kweli lenye urefu wa mita 15. Ukiliunda kwa kipimo cha moja kwa hamsini, linakuwa sentimita 30. Ubao wake wa ubavuni, uliokuwa na unene wa sentimita 4 na upana wa sentimita 20, unageuka kijibao cha unene wa milimita 0.8 na upana wa milimita 4. Unahitaji vijibao vya namna hiyo kwa makumi, vyote sawasawa. Kimoja kikiwa na milimita 0.8 na jirani yake 1.1, ubavu wa jahazi utaota ngazi, na msasa utakaotumia kuusawazisha utapenya hadi kwenye mataruma.

Msumeno wa meza wa karakana ya kawaida hauwezi kazi hiyo. Diski yake hula milimita 3 za mti kila inapopita. Tufanye hesabu: una kipande cha mti chenye upana wa milimita 50 na unataka vijibao vya milimita 1. Kwa diski ya milimita 3 unapata 13, na zaidi ya theluthi mbili ya mti wako inakwenda sakafuni kuwa vumbi. Kwa diski nyembamba ya milimita 0.6 unapata 31 kutoka kipande kile kile. Kuna hatari pia. Mdomo wa meza ya msumeno mkubwa ni mpana, kijibao chembamba huzama ndani yake, kikavunjika, kikarushwa usoni.

Ndiyo sababu waundaji wa modeli duniani hutumia msumeno mdogo wa meza, wenye diski ya kipenyo cha kati ya milimita 50 na 100. Katika mashine hizi kuna tabaka tatu za kuzijua kabla hujatoa pesa.

Tabaka la juu ni mashine kama ya Byrnes, iliyobuniwa Florida, Marekani, na fundi aliyekuwa mwenyewe muundaji wa modeli. Diski yake ni ya inchi 4, inapasua mti wa unene wa inchi moja, na sifa yake imeenea kwa sababu ya uimara wa meza na reli yake. Ni ghali, na kuiagiza hadi Voi kunaongeza nauli na ushuru. Mtu akikuletea mashine yoyote kutoka Marekani, soma kibandiko cha mota kwanza. Umeme wao ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 240. Ukiichomeka bila transfoma itaungua siku hiyo hiyo.

Tabaka la kati ni Proxxon ya Ujerumani. Ile yao ndogo, KS 230, ina meza ya sentimita 16 kwa 16 na inafaa vijibao vyembamba tu. Kubwa yake, FET, ina meza ya sentimita 30 kwa 30, mota ya wati 200, diski inayoweza kuinamishwa hadi nyuzi 45, na reli inayosogezwa kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa karakana ya watu kadhaa wanaochangia chombo, hiyo ningeichagua bila kusita.

Tabaka la chini ni vimashine vya bei nafuu kutoka China, vinavyouzwa mitandaoni, vyenye mota ndogo ya umeme wa betri wa volti 12 hadi 24. Wengi huvidharau. Mimi sivitupi, kwa sababu moja: vinaendeshwa na sola. Mota ya wati 96 kwenye volti 24 inavuta ampea 4 tu. Mahali ambapo paneli iko juu ya bati na umeme wa gridi unakatika bila taarifa, hilo si jambo dogo. Shida yao ni reli, ambayo huwa kipande cha bati kinacholegea kila ukikigusa. Hapo ndipo fundi anapoonyesha ufundi. Itupe reli ile, tengeneza yako kwa pembe ya alumini iliyonyooka, ifunge kwa vibano viwili, mbele na nyuma. Mashine iliyokuwa ya kuchezea inaanza kufanya kazi.

Kwenye tabaka zote tatu, wanunuzi wengi huangalia nguvu za mota. Mota ni ya mwisho kuangaliwa. Modeli haihitaji nguvu, inahitaji unyofu. Angalia reli kwanza. Tia alama kwenye jino moja la diski kwa kalamu, pima kutoka jino hilo hadi kwenye reli likiwa mbele, kisha izungushe diski kwa mkono hadi jino hilo hilo liwe nyuma, upime tena. Vipimo vilingane. Ikiwa nyuma ni kwembamba kuliko mbele hata kwa unywele, mti utabanwa kati ya diski na reli, utaungua, na mwishowe utarushwa. Nyuma ikiwa pana kwa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, hakuna ubaya.

Halafu angalia kuyumba. Chomoa waya wa umeme, sogeza kijiti kiguse ubavu wa diski kidogo tu, izungushe taratibu. Ikigusa upande mmoja na kuachia upande mwingine, ekseli imepinda au mashine imefungwa vibaya. Diski nyembamba inayoyumba hukata njia pana kuliko unene wake, na ule uchumi wa mti tuliouhesabu unapotea. Mwisho weka rula ya chuma juu ya meza na uangalie kama mwanga unapenya chini yake.

Diski zenyewe zinahitaji kueleweka, kwa sababu wengi hununua msumeno mzuri kisha wakalaumu mashine kwa kosa la diski. Kanuni inayofaa ni kuwa na meno matatu hadi matano ndani ya mti kwa wakati mmoja. Diski ya milimita 75 ina mzingo wa karibu milimita 236. Ikiwa na meno 36, kati ya jino na jino kuna milimita 6.5, kwa hiyo inafaa kupasua kipande cha unene wa milimita 25. Ikiwa na meno 110, nafasi ni milimita 2 na kidogo, inafaa vipande vya milimita 6 au 8. Ukilazimisha diski ya meno mengi ipasue mti mnene, vumbi halina pa kwenda, meno yanajaa, joto linapanda, mti unapata rangi ya mkaa. Anayetaka kuanza na diski mbili tu achukue moja ya meno machache ya kupasulia magogo madogo, na moja nyembamba isiyo na meno yaliyopindwa pembeni, ya kutolea vijibao. Azisafishe utomvu mara kwa mara.

Mti nao una siasa yake. Vitabu vya Ulaya vitakwambia utafute miti ya kwao, ambayo huku haipatikani. Kinachotafutwa hasa ni mti wenye nyuzi ndogo zisizoonekana, ili kijibao cha milimita 4 kisionekane kama kimetoka kwenye chombo cha kipimo kingine. Mpera una sifa hiyo. Mlimao, mchungwa na mndimu ina sifa hiyo zaidi, na rangi yake ya manjano iliyopauka hupendeza sana ikipakwa mafuta. Ni miti ya uani, inayokatwa matawi kila mwaka na kutupwa. Kwa mkuku na mlingoti, mukau unatosha. Huu ni ndugu wa mwarobaini, mti wa nyika kavu ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, imekuwa ikiuhimiza kwa wakulima kwa sababu huvumilia ukame na mbao yake haishambuliwi kirahisi na mchwa. Msandali usiguse kabisa: uvunaji wake ulipigwa marufuku nchini mwaka 2007, na magendo yake yameiumiza sana Taita Taveta. Mpingo uache porini, labda upate kipande cha samani iliyovunjika.

Tawi likishakatwa, paka rangi au nta kwenye ncha zake siku hiyo hiyo. Jua la Kasigau hukausha ncha haraka kuliko kiini, na tawi la mlimao lisilopakwa hupasuka hadi katikati. Liweke kivulini, juu ya vijiti, upepo upite. Tawi nene linataka mwaka. Fundi asiye na subira ya mwaka hatapata kijibao kilichonyooka, hata awe na msumeno wa bei gani.

Kupasua kwenyewe kuna utaratibu. Kwanza funika mdomo wa meza. Chukua kipande cha plaiwudi nyembamba, kibandike juu ya tundu la diski, washa mashine, ipandishe diski taratibu ijitobolee njia yake. Sasa hakuna upenyo wa kijibao kuzama. Inua diski ipite juu ya mti kidogo tu. Kisha amua kijibao kitaangukia wapi. Wengi hukiacha kati ya diski na reli, na hapo ndipo kinapobanwa na kurushwa nyuma kwa kasi ya kutisha. Ni salama zaidi kuweka kizuizi kidogo upande wa pili, mbele kidogo ya diski, na kusogeza reli pamoja na mti hadi mti uguse kizuizi kile. Kijibao kinaanguka upande ulio huru. Kila kikitoka, unarudia kusogeza hadi mti uguse, na unene haubadiliki. Vipange kwa mfuatano kama vilivyotoka, ili rangi ya ubavu mmoja wa jahazi ifanane na ya ubavu wa pili.

Vidole visikaribie. Sukuma kwa kijiti, daima. Usivae glavu, maana diski ikidaka uzi wa glavu inavuta na kidole. Kunja mikono ya shati, funga leso, vaa miwani na barakoa. Vumbi la miti migumu linakera kifua, na la msumeno mwembamba ni laini kuliko unga wa ngano, halionekani likiingia puani. Watu huuona udogo wa mashine wakadhani na jeraha lake ni dogo. Diski ya inchi 3 inakata mfupa.

Na ijulikane mipaka yake. Msumeno wa meza hukata mstari ulionyooka, na jahazi halina mistari mingi iliyonyooka. Mafundi wa Matondoni na Kisingitini, katika visiwa vya Lamu, huunda vyombo vyao bila mchoro, kwa jicho na tezo, na mkunjo wa ubavu unatoka kichwani mwao. Muundaji wa modeli atalowesha vijibao katika maji ya moto, atavikunja juu ya mataruma, atavinyoa kwa randa ndogo na patasi. Msumeno unamletea mbao sahihi mezani. Kwa mlingoti na foromali unamsaidia hatua moja zaidi: ukiinamisha diski nyuzi 45, mti wa pembe nne unakuwa wa pembe nane, na kutoka hapo msasa unaumaliza kuwa mviringo. Kwa meli ya chuma kama MV Victoria, ambayo haina mbao ubavuni, unapasua tabaka za unene ulio sawa, unazigandisha moja juu ya nyingine, halafu unachonga umbo.

Kamba je? Rukanga inajulikana kwa vikapu. Akina mama wa Kasigau wanasokota katani kwa mikono yao kuwa nyuzi laini zilizo sawa, na kaunti hii ina mashamba ya mkonge, likiwemo lile kubwa la Mwatate. Mwanamke anayeweza kusokota uzi wa kikapu bora anaweza kusokota amari na henza za modeli. Sijui kwa nini useremala wetu wa vijana na usukaji wa akina mama zao umekuwa ukitembea njia mbili tofauti, ilhali chombo kimoja kinahitaji mikono yote miwili.

Kuna watakaosema ni mapambo ya watalii tu. Waufikirie mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, kilisafiri pwani yetu kwa karne nyingi, kisha kikaacha kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu umbo lake imehifadhiwa katika modeli zilizobaki kwenye makumbusho, Lamu ikiwemo. Mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa ndani ya Beit el Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Huko Fort Jesus vimehifadhiwa vitu vilivyotoka katika Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa kwa Mombasa, na kufukuliwa na wazamiaji miaka ya 1970. Makumbusho, shule na hoteli za pwani zinahitaji modeli zilizoundwa kwa vipimo, zenye mataruma ya kweli ndani. Modeli ya namna hiyo ya William Mackinnon au ya MV Victoria ingestahili kukaa katika stesheni ya Voi.

Ombi langu kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi vya Taita Taveta ni dogo. Msinunue mashine kumi za bei ya chini ili hesabu ionekane kubwa kwenye ripoti. Nunueni moja ya tabaka la kati, yenye reli nzuri, na diski za akiba, na mwalimu aliyefundishwa kuitumia kwa usalama. Iwekeni mahali ambapo vijana wa Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe wataifikia. Na kijana asiyeweza kusubiri chuo aanze leo na tawi la mlimao: apake ncha nta, aandike tarehe, aliweke kivulini. Pesa za msumeno atazitafuta mti ukiwa unakauka.